Mahindi ya biashara kwenye eka mbili, Mbozi: shajara ya msimu wa 2023/24

Oktoba 2023: Shamba, mbegu na mbolea

Naandika kwa ajili ya mwenye eka moja au mbili anayetaka kujua kama mahindi ya nafaka yanalipa, na kama hayalipi, fedha inavujia wapi. Kulima, kupalilia na kuvuna nitavipitia haraka kwa sababu mkulima wa huku anavijua. Nitakaa zaidi pale mambo yalipokwenda kombo, nieleze chanzo, gharama na jinsi yalivyorekebishwa.

Shamba ni la kukodi, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe. Ni eka mbili zilizogawanywa na njia ya ng'ombe, kwa hiyo nitaziita la juu na la chini. La juu lina udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri. La chini ni tambarare, udongo wake mzito na hutuamisha maji. Kodi ni shilingi 100,000 kwa eka. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Upandaji ukiharibika hakuna msimu wa pili wa kufidia.

Mbegu ni SC 627, chotara ya muda wa kati. Majirani wengi wanapanda SC 719, ile ya Tembo, ambayo inabeba gunzi kubwa lakini inakawia shambani, na mimi nataka mahindi yakauke mapema nipate nafasi ya kuyatunza vizuri. Pakiti 9 za kilo mbili, kila moja 15,000. Nilikwangua lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kwenye kila pakiti na kuhakiki namba kwa simu kabla sijatoka dukani. Nyumbani nikaviringisha punje 50 kwenye kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku chache 47 zilikuwa zimetoa mzizi. Jaribio hili halina gharama, na baadaye mtaona lilivyonisaidia.

Mbolea ni ya ruzuku: DAP, ile ya kupandia, mifuko miwili kwa 75,000 kila mmoja, na urea, ile ya kukuzia, mitatu kwa 70,000. Ambaye hajajiandikisha kwa mtendaji wa kijiji asisubiri mvua, maana foleni huwa ndefu kipindi ambacho kila mtu anataka kupanda.

27 Novemba 2023: Kupanda

Kulima kwa plau ya ng'ombe na kurudia mara ya pili kumegharimu 80,000 kwa eka. Nafasi ni sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, punje moja kila shimo. Kwa kipimo hicho eka inabeba mashina yapatayo 18,000.

La juu tulipanda wenyewe nyumbani. Mmoja anachimba, mwingine anaweka DAP nusu kifuniko cha soda na kuifukia kwa udongo kidogo, wa tatu anaweka punje na kufunika. La chini walipanda vibarua kwa 40,000, na la juu nililipa kiasi hicho hicho kwa vijana wawili waliotusaidia. Mvua kubwa ilinyesha usiku uliofuata, tukafurahi.

9 Desemba 2023: Lililoota na lisiloota

La juu limeota likajaa mstari. La chini lina mapengo yanayoonekana ukiwa barabarani.

Kabla ya kulaumu mtu au mbegu, nilitaka namba. Nilikata kamba ya mita 5.4. Mistari ikiwa na nafasi ya sentimita 75, urefu huo wa mstari mmoja ni sehemu moja ya elfu ya eka. Unailaza kamba kando ya mstari, unahesabu mashina, unazidisha kwa elfu moja, unapata mashina ya eka nzima. Upandaji kamili unatoa 18. Hesabu sehemu mbalimbali za shamba, pamoja na kona mbaya, kisha tafuta wastani. La juu lilitoa kati ya 16 na 17. La chini lilitoa 10 au 11. Yaani msimu haujafika hata wiki ya tatu, na eka moja tayari imepoteza zaidi ya theluthi ya mavuno ambayo mbolea yake, kodi yake na palizi yake nimeshalipia au nitalipia kikamilifu.

Mbegu ilikuwa imejaribiwa, kwa hiyo chanzo kilikuwa ardhini. Nilichukua kisu nikafukua mashimo matupu moja moja. Mengi yalikuwa na punje iliyolala juu ya rundo la DAP bila udongo katikati. Punje ilikuwa imevimba, ncha ya kimzizi imekuwa kahawia na kunywea. Hiyo imeunguzwa na chumvi ya mbolea. Mengine yalikuwa na mche mzima, mweupe, uliojikunja chini ya udongo na majani yake yamefunguka humo humo. Punje ilikuwa imewekwa kina kirefu, kisha mvua kubwa ikapiga udongo ule mzito, jua likafuata, juu pakafanya ganda gumu ambalo mche ulishindwa kulipasua. Machache yalikuwa yamefukuliwa tu, na nyayo za kunguru zilikuwa pale.

Vibarua walilipwa kwa eka, na anayelipwa kwa eka anakimbilia kumaliza. Hilo ni la mwenye shamba kulisimamia. Kuanzia sasa ninalipa nusu siku ya kupanda, nusu baada ya kamba kupita, na mfukiaji wa mbolea ni mtu wa nyumbani. Kwenye udongo mzito punje inakwenda sentimita tatu hadi nne, si zaidi, na ganda likijitokeza kabla mahindi hayajachomoza linavunjwa kwa kupitisha tawi lenye miba juu ya mstari. Nililifanya hilo kwenye mistari ya mwisho ambayo ilikuwa bado, na mingine ilichomoza.

20 Desemba 2023: Mapengo

Watu wengi huku hurudishia mahindi kwenye mapengo. Nilirudishia mistari michache ya pembeni nione. Mahindi hayo yameota, lakini wenzake wameshawatangulia kwa karibu wiki mbili na wameanza kuwafunika. Hayatabeba kitu cha maana, yatakunywa urea tu. (Nilirudi kuyatazama Machi: mengi yalikuwa na mbelewele, lile ua la juu, bila gunzi, na yaliyobeba yalitoa vigunzi vya punje chache.)

Mapengo makubwa yote niliyabadilisha kuwa maharage. Kilo nne za mbegu, shilingi 12,000. Maharage hayahitaji kimo ili yapate jua kwenye pengo, na yanatoka shambani mapema.

4 Januari 2024: Viwavijeshi vamizi

Tangu mdudu huyu aingie nchini mwaka 2017, kulima mahindi bila kuingia shambani kila baada ya siku mbili tatu ni kucheza kamari. Dalili ya kwanza ni majani kuwa na madirisha: vidoa vyeupe ambapo ngozi ya jani imekwanguliwa upande mmoja na upande wa pili unapitisha mwanga. Hapo kiwavi ni mdogo kama uzi na dawa inamuua kirahisi. Madirisha hayo nilianza kuyaona kabla ya sikukuu.

Dukani nilipewa dawa ya 12,000 ya kundi la pairethroidi, inayoua kwa kumgusa mdudu, ikapulizwa saa tano asubuhi baada ya Krismasi. Leo mashimo ni makubwa na kwenye moyo wa mhindi, pale katikati majani machanga yanapojikunja, kumejaa kinyesi kama vumbi la mbao. Niliung'oa mmoja na kuufungua jani kwa jani. Chini ya ule mrundo wa vumbi kiwavi alikuwa mzima, mnene, na juu ya kichwa ile alama ya Y iliyogeuzwa, na madoa manne yaliyokaa mraba karibu na mkia. Dawa ilikauka kwenye majani, yeye alikuwa amejifungia ndani na kinyesi chake ndicho kizibo.

Bwana shamba wa kata alikuja kutazama. "Dawa ya kugusa haimfikii aliyejificha," alisema. "Na mchana hatoki. Njoo jioni."

Marekebisho yalikuwa matatu kwa pamoja. Dawa ilibadilishwa kuwa yenye kiambata cha emamektini benzoeti, chupa mbili za 18,000, kwa kipimo cha kwenye lebo. Muda ukawa jioni jua likishashuka, wakati viwavi wanapanda juu kula. Na ncha ya bomba ikaelekezwa ndani ya moyo wa kila mhindi, si kutembea ukipunga mkono juu ya majani. Kazi inakuwa ndefu zaidi na maji yanatumika mengi zaidi, lakini siku ya tatu tulifungua mioyo ya mahindi tukakuta viwavi vimelegea na kuwa vyeusi. Chupa ya pili niliiweka kwa awamu ya pili baada ya wiki mbili. Kukodi bomba 10,000. Barakoa, glovu na shati la mikono mirefu si mapambo: dawa hiyo inaingia mwilini kupitia ngozi.

14 Januari 2024: Urea

Mfuko mmoja kwa kila eka mahindi yakiwa magotini, baada ya palizi ya kwanza. Tulianza kwa kumwaga pembeni ya mstari bila kufukia, kama inavyofanyika mashamba mengi, kwa kuwa udongo ulikuwa na unyevu. Mzee mwenye shamba la jirani alisimama kwenye mpaka.

"Mwanangu, unalisha jua."

"Udongo una maji, baba. Si itayeyuka?"

"Inayeyuka, ndiyo. Halafu inapanda juu. Inama uinuse."

Niliinama. Harufu kali ya amonia ilikuwa inatoka pale pale, juu ya udongo wa vuguvugu. Urea ikiyeyuka juu ya ardhi yenye unyevu na jua likiwaka, naitrojeni yake inaondoka na hewa. Tulirudi mwanzo wa mstari na kufukia yote kwa jembe, na sehemu iliyobaki tulichimba kishimo sentimita kumi kutoka kwenye shina, tukaweka, tukafunika.

Februari hadi Aprili 2024

Katikati ya Februari, baada ya mvua za mfululizo, kona ya la chini ilianza kuwa njano. Majani ya chini yalikuwa yamegeuka kuanzia ncha, njano ikiingia kwa umbo la V kupitia mshipa wa kati. Hiyo ni njaa ya naitrojeni. Maji yaliyotuama yameipoteza. Tulichimba mfereji wa kutoa maji kwanza, ndipo mfuko wa tatu wa urea ukagawanywa kwa eka zote mbili kabla mbelewele hazijatoka. Kuweka mbolea kwenye maji yaliyosimama ni kuitupa, na ningekuwa nimeweka mifuko yote Januari, Februari nisingekuwa na cha kuokolea.

Palizi mbili jumla 140,000. Maharage yalivunwa Machi, debe tatu, 90,000.

Juni 2024: Kuvuna na kukausha

Bua likikauka na gunzi likaning'inia, ukipukuchua punje na kukuta doa jeusi pale ilipoungana na gunzi, hindi limekomaa. Lakini kukomaa na kukauka ni mambo mawili. Tulivuna mapema kwa sababu ya wizi na mchwa, punje zikiwa bado na maji mengi.

Hapa sitaki mtu apuuze. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haiondoki kwa kupikwa, na fangasi wake anapenda mahindi mabichi yaliyorundikwa juu ya udongo. Nilinunua maturubai mawili, 70,000, na hakuna gunzi lililogusa ardhi kutoka kwenye mkokoteni. Yaliyooza ncha na yaliyotobolewa yalitengwa kwa mkono kabla ya mashine, si baada ya mashine.

Kipimo cha unyevu kwa asiye na mashine: chukua chupa ya kioo iliyokauka, weka punje hadi robo, ongeza vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa juani, funga, tikisa kwa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji zaidi ya asilimia 15. Mara ya kwanza iliganda, ingawa punje zilikuwa zinalia vizuri mkononi na kila aliyezing'ata alisema ziko tayari. Zilirudi juani. Chumvi ilipoteremka kavu niliendelea siku mbili zaidi, kwa sababu sokoni na ghalani kinachotakiwa ni asilimia 13.5.

Mashine ya kupukuchua 2,000 kwa gunia. Kuvuna na kusomba 110,000.

7 Julai 2024: Mizani na hesabu

Kila gunia lilipimwa kwenye mizani kilo 100. La juu magunia 20, la chini 13.

Sasa rudini kwenye kamba ya Desemba. Gawanya kilo 2,000 kwa mashina 16,500, unapata gramu 121 kwa shina. Gawanya kilo 1,300 kwa mashina 10,500, unapata 124. Kila shina lililosimama la chini lilifanya kazi sawa na lile la juu. Udongo mzito, maji na ile njano havionekani kuwa ndivyo vilivyoleta tofauti kubwa. Sehemu kubwa ya magunia saba yaliyopungua ilipotea kwenye upandaji.

Gharama hadi kupukuchua: kodi 200,000, kulima 160,000, mbegu 135,000, DAP 150,000, urea 210,000, kupanda 80,000, palizi 140,000, dawa na bomba 58,000, mbegu ya maharage 12,000, kuvuna na kusomba 110,000, kupukuchua 66,000. Jumla 1,321,000. Kwa kilo 3,300, kila kilo imenigharimu shilingi 400. Maturubai na nguvu zetu za nyumbani havimo.

Bei ya mlangoni leo ni 450. Kwa bei hiyo la juu linaleta 900,000 dhidi ya gharama ya takriban 660,000. La chini linaleta 585,000 kwa gharama ile ile, na ni yale maharage ya kwenye mapengo yaliyolitoa kwenye hasara.

Wanunuzi wa kwanza walikuja na magunia yao na ndoo. Walitaka gunia la lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu na kubeba karibu debe moja la ziada, kwa bei ya gunia. Debe moja ni kilo 16 hadi 18. Kwenye faida ya shilingi 50 kwa kilo, debe hilo linakula faida ya gunia zima na kuingia kwenye mtaji. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, lakini shambani sheria hiyo inahitaji mizani iwepo na muuzaji awe na mahali pa kuweka mahindi yake mnunuzi akiondoka. Niliuza magunia manane tu, kwa kilo, 360,000, nilipe madeni ya kuvuna. Matano ni ya chakula nyumbani.

Agosti 2024: Kutunza

Magunia 20 yamebaki, na kuna sababu ya kuyashikilia. Februari mwaka huu Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na Tunduma, mlango wa Zambia na njia ya kwenda Kongo, ni jirani yetu. Haimaanishi kwamba bei itapanda kesho, kwa kuwa mavuno ya huku ni mazuri na kila mtu anauza sasa.

Nimetumia mifuko ya PICS, 5,000 kila mmoja: mifuko miwili ya plastiki ndani ya sandarusi. Haina dawa. Kila mfuko unakamuliwa hewa na kufungwa peke yake, wadudu wanamaliza oksijeni na kufa. Dumuzi, mdudu anayetoboa punje ghalani, akiwa kwenye mahindi makavu mfuko unamuua. Ukifunga mahindi mabichi humo, yataoza. Kwa hiyo chumvi na chupa zilirudi kazini kabla ya kila mfuko. Imepangwa juu ya mbao, mbali na ukuta.

Novemba 2024: Panya

Mfuko mmoja, wa chini kabisa pembeni, umetobolewa na panya. Tundu ni dogo kuliko kidole, lakini hewa imeingia na dumuzi wameamka: unga umeanza kujaa chini na punje zina matundu. Mfuko huo umekwenda kuwa chakula cha kuku. Mingine 19, ukiibonyeza, bado imebana kama siku ya kufungwa. Nimefagia stoo, nimeondoa magunzi yaliyokuwa yamerundikwa karibu (ndiyo yaliyokuwa makazi ya panya), na mbao zimeinuliwa juu ya miguu yenye mabati yaliyogeuzwa.

Kuanzia mwezi huu sifungui mfuko kuonja bei. Ukifunguliwa, hewa inaingia na kazi inaanza upya.

30 Januari 2025: Kuuza

Magunia 19 yameuzwa soko la Mlowo kwa 750 kwa kilo, kwenye mizani, 1,425,000. Usafiri 38,000. Mnunuzi alifungua mifuko mitatu, akamimina kiganjani, akanusa, hakuomba punguzo.

Hesabu ya mwisho: mapato ya mahindi na maharage 1,875,000. Gharama zote, pamoja na maturubai, mifuko na usafiri, 1,529,000. Kilichobaki ni 346,000 na magunia matano ya kula. Kama yale 28 yangeuzwa yote Julai kwa 450, ningebaki na chakula cha nyumbani na upungufu wa 41,000. Maturubai yapo, na mifuko isiyotoboka itatumika tena.

Msimu mpya uko shambani tangu mwisho wa Novemba. La chini limelimwa kwa matuta ili maji yapite, kina kimepimwa kwa kijiti chenye alama, na vibarua walipokea nusu ya pili baada ya kamba kupita: 15 hadi 16 kila ilipolazwa. La juu lina 17. Urea ya pili imeshafukiwa, mbelewele bado hazijachomoza, na jioni hii tunaingia kuangalia viwavi kwenye mistari ya pembeni mwa la chini, ambako jana kulikuwa na madirisha mapya.